Uliza Ujibiwe: Hela ya getini inaishia wapi?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinagusa kitu kimoja, viwanja, bustani na mabwawa ya kuogelea ya halmashauri, yaani zile sehemu za kupumzikia ambazo ni mali ya mji na ukifika unalipa kiingilio. Nimeona nizijibu kwa pamoja. Mimi nimekaa ukaguzi wa ndani wa halmashauri miaka mingi kabla sijastaafu na nawaambia ukweli hakuna hela inayoniuma kama hii ya getini, maana inatoka mfukoni kwa mtu wa kawaida, mia tano, buku, buku mbili, na ndo hela rahisi kuliko zote kupotea. Majina ya walioandika na ya halmashauri zao nimeyaacha makusudi.

Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Dar, jumapili nawapeleka wanangu kwenye bustani moja ya manispaa kuna bembea na kibwawa cha watoto, mlangoni tunalipa buku mtoto na buku mbili mtu mzima, yule kaka anapokea hela anaweka kwenye pochi ya kiunoni anasema piteni. Risiti sijawahi kupewa hata siku moja. Nilivomuuliza akasema mashine haina chaji, jumapili iliyofuata akasema mtandao hakuna. Bembea mbili zimekatika minyororo toka mwezi wa pili, tukiuliza tunaambiwa halmashauri haina bajeti. Nifanyeje au ndo tuache tu?

Marahaba mama. Usiache.

Kwanza hilo la mtandao. Zile mashine za kukusanyia mapato, hizi mnazoita posi, zinatoa risiti hata mtandao ukikata, zinatunza kumbukumbu alafu zikirudi hewani zinatuma kwenye mfumo. Kwa hiyo mtandao sio sababu ya wewe kukosa risiti. Chaji nayo ni jukumu la aliyepewa mashine, hauwezi kumtoza mtu hela ya umma alafu umwambie chaji imeisha.

Sasa kwanini nakazania risiti. Posi imesajiliwa kwa jina la mkusanyaji. Kila risiti anayotoa mfumo unamwandikia deni, kwamba fulani amepokea shilingi kadhaa na zipo mikononi mwake, na deni hilo haliondoki mpaka achukue kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, akalipe benki au kwa simu. Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inataka hela iliyokusanywa iende benki siku hiyo hiyo au siku ya kazi inayofuata. Ukipewa risiti, hela yako imeshaingia kwenye mnyororo huo na kuna mtu anadaiwa. Usipopewa, kwa upande wa vitabu wewe na wanao hamkwenda bustanini siku ile, na hata mkaguzi mzuri kiasi gani akija mwaka unaofuata hana pa kuanzia. Hapo hapo ndo jibu la bembea lilipo. Halmashauri inapanga makisio ya mwaka mpya kwa kuangalia makusanyo ya mwaka uliopita, bustani iliyojaa watu kila jumapili ila kwenye vitabu inaonekana imeingiza kidogo itapangiwa matengenezo kidogo, alafu mtaambiwa bajeti hakuna na anayewaambia hivo pengine anasema ukweli kabisa kwa anachokiona kwenye karatasi zake.

Cha kufanya, jumapili ijayo omba risiti kwa upole, usianze na ugomvi. Kama hatoi, andika tarehe, saa, mlikua wangapi na mlilipa sh ngapi. Angalia pia kama kuna bango la viingilio, sababu tozo ya halmashauri inatakiwa itokane na sheria ndogo, na kama mnatozwa buku mbili wakati sheria ndogo inasema buku basi hilo ni kosa jingine kubwa tu. Ukishakua na jumapili tatu nne hivi, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa mkaguzi wa ndani na kwa diwani wako, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Kina mama wengine wa hapo bembeani wakiandika pamoja na wewe barua inakua nzito zaidi. Na hiyo minyororo iliyokatika itaje kwenye barua hiyo hiyo, mtoto akianguka isije kusemwa hawakujua.

Mzee mambo, naandika kutoka mkoani. Sisi vijana wa mtaani tunakodi uwanja wa nyasi bandia wa halmashauri, elfu 50 kwa saa moja na nusu, na ukitaka nafasi lazima uweke oda wiki nzima kabla maana umejaa. Juzi nimeona kwenye ubao wa matangazo robo mwaka nzima uwanja umeingiza milioni 6 na laki 2. Nikapiga hesabu zangu nikachoka. Ila mi sio mhasibu naogopa kusema mtu mwizi kumbe nimekosea. Kikundi chetu pia tumeomba ule mkopo wa vijana tumeambiwa fungu limeisha.

Mambo safi kijana wangu, na umefanya jambo la maana sana kupiga hesabu kabla ya kumtaja mtu. Ngoja tuipige tena wote.

Tuseme siku za kazi kuna timu nne kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku, jumamosi na jumapili timu nane kila siku. Siku tano mara nne ni 20, siku mbili mara nane ni 16, jumla vipindi 36 kwa wiki. Zidisha elfu 50 unapata milioni 1 na laki 8. Robo mwaka ina wiki 13, kwa hiyo milioni 23 na laki 4. Ubao unasema milioni 6 na laki 2, yaani kidogo zaidi ya robo.

Usikimbilie kusema mwizi, kuna vitu vinapunguza kihalali. Mvua. Shule zinazotumia bure, mazoezi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ile michezo ya shule za msingi na sekondari, watumishi wa halmashauri wenyewe na michezo yao ya SHIMISEMITA, mechi za timu ya halmashauri, siku za kuupumzisha uwanja, timu zilizokodi kwa mkopo hazijalipa. Vyote hivyo ni sawa kabisa ilimradi vimeandikwa. Kuwe na rejista ya uwanja inayosema tarehe 14 saa kumi timu gani iliingia, ililipa risiti namba ngapi, au haikulipa kwa ruhusa ya nani na barua yake hii hapa. Mkaguzi anachofanya ni kuchukua hiyo rejista, ripoti ya mfumo wa mapato na taarifa ya benki akaziweka mezani pamoja, na kama uwanja unaendeshwa kwa haki karatasi zote tatu zinasema kitu kimoja. Pale zinapopishana ndo unauliza.

Rejista ikikosekana je? (mara nyingi sana itakosekana, au utaletewa mpya ya wino mmoja kurasa zote, imeandikwa jana usiku.) Hapo tafuta shahidi asiyeweza kudanganya. Uwanja wenye taa una LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kuna halmashauri moja nilifanya kazi, kitabu cha uwanja kilionyesha mwezi mzima hakukua na timu ya usiku hata moja, mimi nikaomba risiti za LUKU za mwezi ule, umeme ulikua umenunuliwa karibu kila wiki na kwa kiasi kikubwa, na mlinzi anapikia mkaa. Sasa zile taa ziliwaka kumulika nini. Msimamizi alikaa kimya muda mrefu alafu akaanza kueleza. Ile siku nimeikumbuka mpaka leo kwa sababu nje ya ofisi kulikua na watoto wa academi wamefukuzwa uwanjani kwa kukosa hela ya kukodi, na mle ndani kuna mtu anaukodisha usiku kwa faida yake.

Na hilo la mkopo linahusiana moja kwa moja ndugu yangu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yale wanayoita yasiyolindwa, yaani ambayo hayajafungwa kwa matumizi maalum, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Sasa kama uwanja ulistahili kuingiza hata milioni 15 ukaandikwa 6, fungu lenu nalo limepungua kwa uwiano huo huo, kwa uwanja huu tu, na bado sijagusa stendi wala soko. Kwa hiyo mkienda kuuliza habari ya mkopo ulizeni na habari ya uwanja kwenye kikao hicho hicho.

Jingine ambalo vijana hamliangalii ni zulia lenyewe. Nyasi bandia zinachoka, zinataka kupigwa brashi, kuongezewa zile chembe za mpira, na baada ya miaka kadhaa zulia linang'olewa linawekwa jipya na gharama yake ni kubwa mno. Hata cheti cha ubora cha FIFA kile cha FIFA Quality kinadumu miaka 3 na kile cha juu cha FIFA Quality Pro kinadumu mwaka 1 tu, kwa sababu wenyewe wanajua zulia linabadilika. Muulizeni afisa michezo ni kiasi gani kinatengwa kila mwaka kwa ajili ya zulia jipya. Kama jibu ni hakuna, basi hata zile milioni 6 zilizoandikwa zinaliwa na uwanja unakufa taratibu chini ya miguu yenu.

Hivi mzee viwanja vya mpira vyote si vya serikali? Kwanini CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, asivikague vyote kwa pamoja tukajua moja. Wenu, shabiki wa soka, Mbeya.

Hapana, na hapa watu wengi wanapotea. Mkapa na Uhuru pale Temeke ni vya serikali kuu. Kirumba, Sheikh Amri Abeid na huo wenu wa Sokoine ni mali ya CCM. Chamazi ni wa Azam. Vya halmashauri ni kama Nyamagana ambao ni wa Jiji la Mwanza na ule wa KMC pale Mwenge wa Manispaa ya Kinondoni. Hela ya uwanja wa halmashauri ndo inapita kwenye vitabu vya halmashauri na madiwani wana mamlaka nayo, hela ya uwanja wa chama haipiti humo, kwa hiyo kabla hujaandika barua jua kwanza mwenye uwanja ni nani.

Mzee habari za siku. Mimi ni diwani, ni awamu yangu ya kwanza na nimepangwa kamati ya fedha. Tuna bwawa la kuogelea la mji, wataalam wanasema linakula hela kila mwezi, sasa limeletwa pendekezo apewe mwekezaji aliendeshe miaka 10 na atatupa asilimia 20 ya faida. Moyo wangu unasita ila sijui kwanini, mimi nilikua mwalimu wa sayansi sio mhasibu. Kikao ni wiki mbili zijazo, nisaidie maswali.

Mheshimiwa, moyo haujakudanganya, na neno lililokukwaza ni faida.

Faida ni kile kinachobaki baada ya mtu kutoa gharama zake, na gharama anaziandika yeye. Atatoa mshahara wake, gari lake, riba ya mkopo wake, kodi ya ofisi ya kampuni yake nyingine, na mwisho wa mwaka atawaletea hesabu nzuri zilizopigwa muhuri kwamba tumepata hasara, na asilimia 20 ya hasara ni sifuri, na mtakua mmesaini wenyewe. Sisemi huyu wenu atafanya hivo, simjui, ila mkataba unaandikwa kwa ajili ya siku mbaya. Ombeni kiwango kisichobadilika kwa mwezi, awe amepata wateja au hajapata, na juu yake asilimia ya mauzo ghafi, yaani ya kila shilingi iliyopokelewa getini na kantini kabla hajatoa chochote. Mauzo ghafi mnaweza kuyaona wenyewe, wekeni kipengele kwamba risiti zote zitoke kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na kila siku ripoti ya Zed, yaani jumla ya mauzo ya siku, iletwe kwa mweka hazina.

Ila kabla ya yote hayo kuna swali moja ambalo ningekua mimi ningelibeba peke yake mpaka nijibiwe. Linakula hela kiasi gani? Waambie wakuonyeshe. Nina hakika watahangaika, sababu halmashauri nyingi bwawa halina kifungu chake, viingilio vinaangukia kwenye mapato mengineyo pamoja na faini za mbuzi na ada za vibali, umeme wa pampu unalipwa kwenye bili ya jengo zima, dawa za maji zinanunuliwa kwa fungu la afya au la usafi. Sasa kwa mpangilio huo hakuna binadamu anayeweza kujua kama bwawa linapata au linapoteza, mtu anayesema linakula hela anasema anavyohisi. Ombeni bwawa lifunguliwe kifungu chake, mapato yake yote upande huu na gharama zake zote upande ule, mita ya umeme yake na mita ya maji yake, mliendeshe hivo hata miezi sita, ndo muamue la mwekezaji mkiwa na namba mkononi. Pengine mtakuta bwawa linajilipa vizuri tu na tatizo lilikua geti.

Na wewe hapo ulipo una silaha ambayo wahasibu hawana, maana ni mwalimu wa sayansi. Unajua klorini inaliwa na jasho, mkojo na uchafu wa miili ya watu, waogeleaji wakiongezeka dawa inaisha haraka. Jua kali nalo linaila, kwa hiyo linganisha miezi inayofanana, mwezi wa 12 wa mwaka huu na wa mwaka jana. Nenda kwa mtunza stoo omba leja ya dawa. Ukikuta dawa iliyotoka ni ya bwawa lililojaa watu alafu risiti za getini ni za watu wachache, kuna watu wameoga hawajaandikwa. Hesabu hiyo hakuna atakayekupinga nayo kikaoni.

Maswali mengine yachukue hivi hivi. Mwekezaji alipatikanaje, zabuni ilitangazwa lini kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, na nani wengine waliomba. Pampu na vichujio vilivyopo vimeorodheshwa na hali yake ikoje siku ya makabidhiano. Pampu ikifa mwaka wa 8 anayenunua nani, sababu mtu aliyebakiza miaka miwili hanunui pampu mpya kwa hiari yake. Watoto wa shule za kata wataingia kwa bei gani, hili liandikwe kwenye mkataba, usikubali kuambiwa tutaelewana. Na kama baada ya yote wenzako wakapitisha na wewe bado hujaridhika, omba msimamo wako uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ukaguzi ukija miaka mitatu mbele muhtasari ndo utakaoongea.

Salaam mzee, nawasoma kutoka pwani ya Kenya. Huku kwetu kuna uwanja wa kaunti na sehemu ya watoto kucheza, meneja tumemuuliza pesa za kuingia huenda wapi akatujibu bila kuficha, asema anazitumia pale pale kulipa vibarua wa kukata nyasi na kununua mafuta ya mashine, kwa sababu akizipeleka kaunti hazirudi. Sisi tuliona ni mtu mkweli. Je, amekosea?

Waalaykum salaam. Yawezekana ni mkweli na bado amekosea, na nasikitika kusema hivo maana shida yake naielewa.

Kwenu Kenya katiba yenyewe imelisema, ibara ya 207, kila pesa inayopokelewa na serikali ya kaunti iingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokua ile iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge kubaki kwingine. Hospitali zimepata ruhusa hiyo, sheria ya mwaka 2023 inaziachia kubaki na pesa wanazokusanya na kuzitumia. Uwanja wa watoto haumo kwenye sheria hiyo. Huku Tanzania tunaita kutumia fedha mbichi, yaani hela haijafika benki mtu ameshaitumia, na ni kosa hata kama ameinunulia kitu cha maana. Sababu ni kwamba pesa ikishatumiwa getini hakuna anayejua ilikua ngapi. Meneja wenu leo ananunua mafuta, kesho atahamishwa, atakayekuja atasema naye ananunua mafuta.

Lakini malalamiko yake kwamba pesa hazirudi ni ya kweli na ndo mngemsaidia nayo. Mwakilishi wenu wa wadi abanwe kwenye bunge la kaunti ili uwanja uwe na fungu lake kwenye bajeti na fungu litolewe kwa wakati, alafu mkitaka kujua kama linatolewa someni ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Mkaguzi Mkuu anatakiwa kutoa ripoti yake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, mwaka wenu unaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo mwisho ni Desemba. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika kuomba taarifa ya makusanyo ya uwanja huo, ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, wakikataa unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andikeni kama kikundi cha wazazi, na muwe wapole kwa huyo meneja, alisema kweli mkiwa mnamsikia, wengi hawasemi.

Mzee halmashauri yetu imepata hati safi miaka minne mfululizo na mabango wameweka. Ila uwanja wa michezo ni pori, vyoo vimefungwa na kiingilio tunalipa. Nilienda ofisini kuuliza mapato ya uwanja nikaambiwa hizo ni siri za ofisi. Hiyo hati safi ni ya nini sasa?

Hati safi, wakaguzi wanaiita hati inayoridhisha, maana yake hesabu zilizoandikwa zimeandikwa kwa kufuata taratibu za uhasibu na hazina makosa makubwa ya kupotosha. Basi. Haisemi uwanja una choo. Haisemi hakuna hela iliyopotea kabla ya kuandikwa. Uwanja unaingiza sehemu ndogo sana ya mapato ya halmashauri nzima, hata ukipotea wote hati inaweza kubaki safi kabisa. Wewe soma kilichopo nyuma ya hati, yaani hoja za ukaguzi, zile kasoro mkaguzi alizoziandika. Ripoti ya CAG ya serikali za mitaa inafika kwa Rais mwisho wa mwezi wa 3 na inawekwa Bungeni kwenye kikao cha mwezi wa 4, baada ya hapo ipo wazi kwenye tovuti ya ofisi ya ukaguzi, na ipo ya kiswahili. Tafuta sura ya mapato ya ndani. Hela iliyokusanywa kwa posi ikaishia kwa wakusanyaji, na posi zilizokua hewani siku chache tu, hizo ni hoja zinazojirudia mwaka baada ya mwaka, angalia kama halmashauri yako imetajwa na hoja ngapi za nyuma hazijafungwa.

Na sio siri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na ofisi ina siku 30 za kujibu. Kikao cha baraza la madiwani nacho ni cha wazi, nenda ukakae kiti cha nyuma usikilize taarifa ya robo mwaka ikisomwa. Vikao vya kamati hauwezi kuingia, ila baraza unaingia.

Shikamoo. Mimi ni mkusanyaji wa getini. Nimesoma watu mnavyotusema kwenye magazeti na roho inauma. Mimi ni kibarua nalipwa kwa siku, posi imesajiliwa kwa jina langu. Kila jumapili jioni msimamizi anakuja anachukua hela, anasema ya posho ya watu wa ofisini, anasema nitairekebisha kwenye mfumo. Haijawahi kurekebishwa. Juzi nimeona deni langu kwenye mfumo ni milioni 4 na kitu. Nina mtoto mchanga. Nifanye nini na nikisema si ntafukuzwa?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nimekupa nafasi ya mwisho ili nikujibu taratibu.

Kwanza elewa hatari iliyopo. Mfumo haumjui msimamizi, unakujua wewe. Mkaguzi akifika atatoa orodha ya wakusanyaji wenye madeni na jina lako litakua pale na milioni 4, na mtu aliyechukua hela hana karatasi hata moja yenye saini yake. Nimeshaona vijana wa kama wewe wakifikishwa polisi kwa hela ambayo hawakula, na nimeumia sababu wakati ule kwenye meza yangu kulikua na namba tu, sauti yao haikuwepo.

Kwa hiyo leo usiku anza daftari. Andika kila unachokumbuka, jumapili gani, sh ngapi, alisema ya nini, nani alikuwepo akaona. Kuanzia sasa hela usimpe mkononi. Mwambie kwa heshima, mkuu naomba nitoe kontrol namba nikalipe mwenyewe maana deni linasoma kwangu, akilazimisha mwombe asaini kwenye daftari. Kama alikutumia meseji zozote za kuagiza hela usizifute, zipige picha umpe mtu unayemwamini akutunzie.

Alafu usisubiri ukaguzi ukukute, tangulia wewe. Mwandikie mkaguzi wa ndani, sio huyo msimamizi wala mkuu wake, ueleze kama ulivyonieleza mimi, na uambatanishe nakala ya daftari. Mkaguzi wa ndani anatoa ripoti kila robo mwaka na barua ya mkusanyaji mwenyewe anayeeleza deni lake ni kitu kinachobadilisha ripoti nzima. Ukiona mlango huo umefungwa piga 113 TAKUKURU, ni bure. Kuhusu kufukuzwa sitakudanganya kwamba haiwezekani, kibarua wa siku anaondolewa kirahisi, ila ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 na unaweza kuomba jina lako lisitajwe, na kibarua kilichopotea kinatafutwa kingine, kesi ya wizi wa hela ya umma inakufuata popote na mtoto mgongoni.

Kesho asubuhi kabla ya kufungua geti, pita kitengo cha mapato uombe wakuchapie taarifa ya deni lako kuanzia siku uliyopewa posi. Hiyo karatasi ni haki yako. Ukiipata linganisha na daftari jumapili kwa jumapili, alafu niandikie tena.